Tusiwatungie Wafu Kauli Zao

Hapana msiba katika nchi zetu, uwe wa tajiri au wa fukara, wa Mwislamu au wa Mkristo, ambao waombolezaji wake huketi jamvini kitambo kirefu bila ya mmoja wao kumwinamia mwenzake na kuuliza, kwa sauti ya chini na kwa adabu, marehemu alisema nini kabla ya kukata roho. Swali hilo halitokani na upekuzi. Mtu aliyefika ukingoni mwa maisha, ambaye tamaa ya mali imemtoka na hofu ya watu imemwisha, hudhaniwa kuwa ameona jambo ambalo sisi wenye afya hatujajaliwa kuliona, na kwa sababu hiyo neno lake, hata likiwa moja, hupokewa kwa taadhima ambayo hotuba zote alizozitoa akiwa mzima hazikuipata. Siwalaumu wanaouliza. Lawama yangu ni juu ya wanaojibu wasilolisikia.

Maadamu marehemu ni mtu wa kawaida, jibu hubaki katika aila yake, likawafariji watoto na wajukuu, wala halimdhuru mtu. Lakini afapo mtu mashuhuri, kiongozi au mwanachuoni au mtunzi, swali huondoka jamvini likaingia magazetini, na huko, kabla ya tanga kuanuliwa, jibu huwa limekwisha kupatikana, limenyooshwa, limepambwa, na kutiwa ufasaha ambao marehemu, aliyekuwa akitweta saa chache kabla, hakuwa na pumzi ya kuutoa. Makala haya yameandikwa kuipinga ada hiyo. Kauli ya mwisho ya mtu, kwa itikadi yangu, ni amana iliyo mikononi mwa aliyeisikia. Haimhalalikii kuizidisha kama isivyomhalalikia kuipunguza. Na ikiwa kauli yenyewe ni ndogo, ya kuomba maji au ya kumwulizia mtoto, basi kuiondoa na kuweka kubwa mahali pake ni kumdhulumu mtu asiyeweza tena kujitetea.

Dhuluma hiyo ni kongwe, na mataifa makubwa yameizoea kuliko sisi. Johann Wolfgang von Goethe, fahari ya washairi wa Kijerumani, alifariki katika mji wa Weimar tarehe 22 Machi 1832, naye alikuwa na umri wa miaka 82. Vizazi vilivyofuata vikafundishwa kwamba katika pumzi zake za mwisho alitaka nuru zaidi, na ombi hilo likafasiriwa kuwa kilio cha akili ya mwanadamu inayotafuta elimu hata mlangoni mwa kaburi. Aliyeieneza habari hiyo ni tabibu wake, Carl Vogel. Na tabibu huyo, kwa uaminifu ambao wengi waliomnukuu hawakuwa nao, aliandika mwenyewe kwamba maneno hayo yaliposemwa yeye alikuwa ametoka chumbani kwa kitambo kidogo. Riwaya nyingine husema kuwa mzee aliomba tu dirisha lifunguliwe ili mwanga uingie. Mimi naipenda riwaya hii kuliko ile, kwa kuwa mzee anayetaka dirisha lifunguliwe ni mtu ninayemfahamu. Wamo wengi kama yeye katika nyumba zetu, na hakuna hata mmoja wao aliyepungukiwa na heshima kwa ombi hilo.

William Pitt aliyeitwa Mdogo, Waziri Mkuu wa Uingereza aliyekufa tarehe 23 Januari 1806, akiwa na miaka 46 na nchi yake imo katika shida kubwa ya vita na Napoleon, amepewa kauli mbili zisizoweza kukaa pamoja: moja ni ya kuilalamikia nchi yake kwa hali anayoiacha, na nyingine, iliyopokezanwa na wahudumu na wabunge wa Westminster, ni ya kutamani andazi la nyama ya ndama lililokuwa likiuzwa katika mkahawa wa Bunge. Vitabu vya shule vilichagua ile ya kwanza.

Tena hata kauli iliyosikiwa sawasawa haina dhamana ya kuwa na siri ya ghaibu ndani yake. John Adams, Rais wa pili wa Marekani, alifariki tarehe 4 Julai 1826, siku ambayo taifa lake lilikuwa likitimiza miaka 50 tangu kutangaza uhuru, na miongoni mwa maneno yake ya mwisho alisema kwamba Thomas Jefferson, rafiki yake aliyepata kuwa hasimu wake na kisha akawa rafiki tena, bado yu hai. Jefferson alikuwa amekwisha kufariki saa chache kabla, siku ile ile, nyumbani kwake Virginia, na habari haikuwa imefika. Adams alikosea. Nami sioni aibu katika kosa hilo. Naona upendo wa mzee wa miaka 90 ambaye, alipokuwa akiiaga dunia, alimkumbuka mwenziwe.

Kauli iliyo maarufu kupita zote ni ya Sokrati, mwanafalsafa wa Athens, aliyehukumiwa kunywa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo. Mwanafunzi wake Plato ameeleza kwamba, baridi ya sumu ilipokuwa imempanda hata kiunoni, Sokrati alijifunua uso alioufunika, akamwambia rafiki yake Crito kwamba walikuwa wanadaiwa jogoo na Asclepius, mungu wa tiba wa Wayunani, na kwamba deni hilo lisisahauliwe kulipwa. Wanavyuoni wamelumbana kwa zaidi ya miaka 2,000 juu ya jogoo huyu, kila mmoja akitafuta hekima iliyojificha chini ya manyoya yake. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea kuona ndugu wa marehemu akisimama mbele ya jeneza na kuwataka hadhirina wenye kumdai marehemu wajitokeze ili walipwe, hatashangaa sana kwamba mwenye haki alikufa akitaja deni. Lakini jambo linalonishughulisha zaidi limo katika kitabu hicho hicho, pale msimulizi anapowataja waliohudhuria gerezani siku ile, akasema kwamba Plato mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mwandishi wa kauli hiyo mashuhuri hakuwapo, naye hakuficha. Aliweka habari kinywani mwa aliyekuwapo, akajitoa katika ushahidi.

Na hapa ndipo elimu tuliyoirithi kutoka kwa wazee wetu inapotupa hoja. Wanavyuoni wa hadithi, ambao vitabu vyao vimesomwa katika misikiti ya Lamu na Unguja na Kilwa kwa karne nyingi, hawakukubali neno kwa uzuri wake. Waliuliza kwanza nani amelisikia, na yeye kalipokea kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani. Mmoja katika waliosisitiza sana jambo hilo, hata akaihesabu sanadi kuwa sehemu ya dini, ni Abdullahi bin al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 wa Hijra katika mji wa Hit kando ya mto Furati. Inasimuliwa kwamba alipokuwa katika sakarati mtu mmoja alikuwa akimtamkisha shahada mara kwa mara bila ya kupumzika, naye, kwa udhaifu wa mtu anayekufa, akamwambia kwamba hakuwa akifanya vema; kwamba akisha kuitamka mara moja na aachwe, isipokuwa kama baadaye atasema neno jingine, hapo ndipo akumbushwe tena. Mafakihi wamelichukua hilo kuwa adabu ya talkini: kutamkisha kwa upole, kutomkera mgonjwa, na kutomlazimisha. Naona adabu hiyo inatufaa hata baada ya pumzi kukoma. Ikiwa mgonjwa aliye hai hasukumwi kusema neno lililo bora kupita yote, vipi ihalalike kumsemesha maiti maneno ya siasa?

Bibi Aisha aliposimulia kauli ya mwisho ya Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alisema pia mahali alipokuwa: kichwa cha Mtume kilikuwa kimeegemea kifuani pake. Msikiaji ana jina na ana mahali. Wakristo nao, katika yale maneno saba ya Yesu msalabani yanayohubiriwa kila Ijumaa Kuu, hawana Injili moja iliyo na yote saba. Matatu ni ya Luka, matatu ni ya Yohana, na moja ni la Mathayo na Marko. Kanisa lingeweza kuzichanga habari hizo zikawa hotuba moja iliyonyooka, na katika vitabu vyake halikufanya hivyo. Kila shahidi aliachiwa alichokipokea.

Mahakimu wetu nao wametangulia mbele ya wahariri katika jambo hili. Sheria ya Ushahidi ya Bara Hindi ya mwaka 1872, iliyotumika pia katika nchi zetu zama za ukoloni, iliruhusu maneno ya mtu aliyekufa kutolewa mahakamani yanapohusu sababu ya kifo chake, na sheria zilizofuata za Kenya na Tanganyika ziliuhifadhi mwanya huo. Lakini Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la mwaka 1954, ilionya kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa kutegemea maneno ya namna hiyo peke yake, yaliyosemwa mshitakiwa hayupo na ambayo msemaji wake hawezi tena kuulizwa maswali, isipokuwa yapatikane mambo mengine ya kuyaunga mkono. Ikiwa kwa ajili ya kumhukumu mtu mmoja tunataka hadhari kiasi hicho, kwa ajili ya kulifundisha taifa zima tungetaka zaidi.

Sasa nifike kwa Dedan Kimathi, jemadari wa vita vya Mau Mau vya kupigania ardhi na uhuru wa Kenya, ambaye habari yake ndiyo iliyonifanya niandike. Alikamatwa karibu na Nyeri mwezi wa Oktoba 1956, akiwa amepigwa risasi, akashitakiwa kwa kupatikana na bastola, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kauli inayonukuliwa sana kuwa ya siku zake za mwisho ni ile ya kishujaa, kwamba damu yake itaunywesha mti wa uhuru, nayo imepokewa kutoka kwa mkewe, Mukami, aliyeruhusiwa kumwona. Mimi siikanushi. Ina msikiaji mwenye jina, mwanamke aliyefungwa kwa ajili ya vita vile, na aliyeendelea kuidai mifupa ya mumewe hata naye akafariki mwaka 2023 bila ya kukabidhiwa.

Lakini ipo na barua. Usiku wa kuamkia kunyongwa kwake, kwa maneno yake mwenyewe yapata saa saba, Kimathi alichukua kalamu ya risasi na karatasi, akamwandikia kwa Kiingereza Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Anamweleza kuhusu padri mwingine aliyekuwa akija kumtazama gerezani na kumletea vitabu vya dini. Anasikitika kwamba siku ya Krismasi ni padri huyo mmoja tu aliyemkumbuka, na wengine, waliokuwa wakija siku nyingine, siku ile hawakufika. Kisha anaingia katika mambo ya nyumbani: mwanawe atiwe shuleni, kwa maana anakaa mbali na shule za misheni, mama yake, aliye mzee sana na mwenye huzuni nyingi, aendewe na kufarijiwa, mkewe, aliyefungwa mumo humo Kamiti, atakapofunguliwa aelekezwe Mathari, awe karibu na masista na kanisa, kwa sababu ana upweke. Na anapokaribia kufunga barua anarudi tena kwa mtoto, akisema kwamba fadhila anayoiomba ni hiyo tu, mwanawe apate elimu. Halafu anatuma salamu kwa wasomaji wa gazeti la misheni, Wathiomo Mukinyu, na kuiaga dunia.

Wapo wampendao Kimathi ambao barua hiyo huwatia dhiki. Wanaona haya kwamba jemadari wa msituni aliandika kwa unyenyekevu kwa padri mzungu, na wangependa isingalionekana. Nawaheshimu, maana wanakitetea kitu chenye thamani, ila katika hili hatukubaliani hata kidogo. Mtu aliyekuwa amebakiwa na saa chache tu, aliyejua kwamba serikali iliyomhukumu ingeisoma kila herufi, alitumia nafasi hiyo kutafuta shule ya mtoto na faraja ya mama mkongwe. Ukiondoa barua hii unabaki na sanamu, kama ile ya shaba iliyosimamishwa Nairobi mwaka 2007, nzuri na ya haki, lakini haina mtoto wala mama. Na tena, nani aliyepigania ardhi isipokuwa kwa ajili ya mtoto na mama? Kauli ya mti wa uhuru na kauli ya shule zilitoka kifuani pamoja, na taifa linaloijua moja tu halijamjua mtu wake.

Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, pia aliandika, akiwa kizuizini Thysville, barua kwa mkewe Pauline, humo akizungumza juu ya watoto wao na mustakabali wa Kongo. Barua hiyo tunayo. Lakini usiku wa tarehe 17 Januari 1961, alipouawa porini karibu na Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wasikiaji waliokuwapo walikuwa ni wauaji na washirika wao, watu wa Katanga na Wabelgiji, na kila tunaloambiwa juu ya saa ile limepita vinywani mwao. Mwenye kumtungia Lumumba hotuba ya porini, kwa mapenzi yoyote aliyo nayo, anawapunguzia mzigo watu hao, kwa sababu anaijaza kwa maneno mazuri nafasi ambayo wao ndio waliopasa kuulizwa juu yake.

Mfano wa uaminifu ninaoupenda zaidi haukutoka kwa mwanachuoni wala hakimu. Albert Einstein alifariki katika hospitali ya Princeton, Marekani, usiku wa kuamkia asubuhi ya tarehe 18 Aprili 1955, akiwa na miaka 76, na kabla ya kutulia alitamka maneno machache kwa Kijerumani, lugha aliyoinyonya utotoni. Muuguzi aliyekuwa zamu hakujua Kijerumani. Angeweza kusema lolote, na dunia nzima ingemwamini. Alisema kwamba hakufahamu, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Wauguzi wetu wengi wamo katika hali kama ile. Bibi aliyeishi mjini miaka 40 akizungumza Kiswahili sokoni na kanisani anaweza, katika homa ya mwisho, kurudi katika Kinyakyusa au Kidigo au Kiluo cha mama yake, na binti wa zamu anayemfuta jasho asipate hata neno. Na wale waliolazwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi, wenye mpira wa kupumulia uliopitishwa kooni katikati ya nyuzi za sauti, hawawezi kusema kabisa. Kauli zao za mwisho zilikwisha kusemwa siku kadhaa kabla, mlangoni pa gari au katika simu, kwa mtu ambaye hakujua kwamba anakabidhiwa amana.

Kwa hiyo asiyetaka kuiachia bahati kauli yake huisema mapema. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alipopatwa na maradhi ambayo hatimaye yalimwondoa duniani, hakungojea sakarati. Yapata mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi mzima wa kumwusia juu ya dini, adabu na maisha ya nyumbani, akaishi muda baada ya hapo, na wosia wake umesomwa na mabinti wa pwani vizazi kwa vizazi. Mtu anaweza kukataa baadhi ya mashauri yake, na wanawake wengi wa leo huyakataa, lakini hawezi kutilia shaka kwamba ni yake.

Kadhalika mwenye kuitaka kauli ya mwisho ya Mwalimu Julius Nyerere kwa taifa lake asiende London, katika hospitali ya St Thomas alikofariki tarehe 14 Oktoba 1999, akayatafuta maneno ya mgonjwa wa saratani ya damu. Aende Kilimanjaro Hotel mwezi wa Machi 1995, alipozungumza na waandishi wa habari, na Mbeya siku ya Mei Mosi mwaka huo huo, alipowaambia wafanyakazi na viongozi bila kificho alilolichukia katika rushwa, ukabila na udini. Sauti imehifadhiwa, tarehe inajulikana, na mashahidi ni maelfu. Mgonjwa wa London aachiwe faragha yake pamoja na watu wa nyumbani kwake.

Haya nayasema kwa wahariri wa magazeti yetu zaidi ya wengine wote, kwa kuwa wao ndio walinzi wa mlango huu, na kwa kuwa kila afapo mtu mkubwa hawakosi mpambe wa kuwaletea kauli iliyokwisha kuandaliwa, mara nyingi yenye kumsifu mrithi fulani au kukilaani chama fulani. Mhariri na amwulize mletaji nani aliyesikia, alikuwa amekaa wapi, saa ngapi, na mgonjwa alisema kwa lugha gani. Akipewa jina, na mwenye jina akakubali kutajwa, aichapishe kama ilivyo, hata ikiwa ni habari ya uji usiokuwa na sukari. Akiambiwa kwamba watu wanasema tu, nafasi ile katika ukurasa aijaze kwa hotuba mojawapo ya marehemu ambayo tarehe yake haina shaka, na aila iachwe izike.